Maswali ya Wasomaji: Mchoro wa Ndege wa Maji Unalinda Nini?

Katika toleo lililopita jarida hili lilichapisha michoro yangu michache ya ndege wa maji wahamao wanaofika kila mwaka katika fukwe za Mtwara na Lindi, pamoja na maelezo kwamba sehemu ya mapato ya michoro hiyo hutengwa kwa ajili ya uhifadhi. Barua za wasomaji zimekuwa nyingi, na Mhariri amenipa kurasa hizi nizijibu. Nimechagua zile zenye maswali yaliyoulizwa na wengi, nami nimezifupisha bila kubadili maana yake.

Ndugu mchoraji, mimi ni fundi wa kuandika mabango, na huchora pia picha za kuwauzia wageni. Ningependa kuamini kwamba picha ya bata au ya kitwitwi inaweza kumlinda ndege huyo, lakini naona picha huishia ukutani kwa mtu mwenye uwezo, na ndege hubaki na shida zake. Picha inalindaje? — Fundi wa mabango, Mikindani

Ndugu yangu fundi, shaka yako ni ya haki, na wachoraji wengi wa wanyamapori wangefanya vyema kuanza nayo. Picha haina nguvu ya kumlinda ndege kwa sababu tu imechorwa vizuri. Huipata nguvu hiyo inapofungamanishwa na eneo linalojulikana, lenye mipaka, ambalo ndege huyo hawezi kuishi bila hilo, na inapokuwa na njia ya wazi ya kufikisha fedha au uamuzi katika eneo hilo. Mfano ulio dhahiri kuliko yote ninaoufahamu unatoka Marekani.

Katika miaka ya 1930 ukame mkali ulikausha mabwawa ya nyanda za Amerika ya Kaskazini ambako bata huzaliana, na mabwawa mengine yalikuwa yamekwisha kukaushwa na watu kwa ajili ya kilimo. Idadi ya bata ikaporomoka. Mwaka 1934 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowataka wawindaji wa ndege wa maji wanunue stempu maalumu kila mwaka kabla ya kwenda kuwinda. Stempu ya kwanza iliuzwa kwa dola 1, na mchoro wake, unaoonyesha bata wawili wakitua bwawani, ulikuwa wa Jay Norwood Darling, mchoraji wa katuni za magazeti ambaye wakati huo alikuwa amekabidhiwa uongozi wa idara ya serikali iliyoshughulikia wanyamapori. Stempu hiyo inatolewa hadi leo kwa dola 25, na senti 98 za kila dola hutumika kupata ardhioevu na kuiingiza katika hifadhi za taifa za wanyamapori. Eneo lililopatikana kwa njia hiyo limekwisha kupita ekari milioni 6. Tangu mwaka 1949 mchoro wa stempu huchaguliwa kwa shindano la wazi. Mshindi halipwi fedha na serikali, hupewa karatasi ya stempu zenye mchoro wake, ingawa yuko huru kuuza nakala za mchoro huo kwa faida yake.

Angalia jinsi kazi zilivyogawanywa: mwindaji analipa, mchoraji anachora, na sheria inaifikisha fedha bwawani bila kungoja huruma ya mtu yeyote. Zaidi ya hayo, watu wasiowahi kushika bunduki huinunua stempu hiyo kwa sababu inapendeza, na hapo ndipo sanaa inapoleta kile ambacho ada tupu ya leseni isingekileta. Sisi hatuna stempu ya namna hiyo, wala sidhani kwamba tunalazimika kuiiga, lakini kanuni yake inatufaa: mnunuzi ajue fedha yake inakwenda ufukwe upi, na watu wa ufukwe huo wajue ni kiasi gani kimetoka wapi.

Kuna njia nyingine ambayo picha hulinda, na hiyo haihusu fedha hata kidogo. Mwingereza Peter Scott, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa mchoraji wa mabata na mabata bukini, na ujanani mwake alikuwa pia mwindaji wao hodari. Mwaka 1946 alianzisha kituo cha ndege wa maji huko Slimbridge, karibu na Mto Severn. Watu wengi humkumbuka kwa nembo ya panda ya WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi ambalo alikuwa mmoja wa waasisi wake mwaka 1961. Mimi namheshimu zaidi kwa kazi aliyoianza mwaka 1964, pale mabata weupe wakubwa wenye shingo ndefu, wanaozaliana kaskazini ya mbali ya Urusi, walipoanza kufika katika dimbwi lililo mbele ya nyumba yake. Alitambua kwamba madoa ya manjano na meusi ya mdomo wa kila ndege hutofautiana na ya mwenzake, akaanza kuwachora sura mmoja mmoja na kuwapa majina. Kwa michoro hiyo iliwezekana kujua nani amerudi, amerudi na mwenza yuleyule au mwingine, na amekuja na makinda wangapi. Utafiti huo uliendelezwa kwa zaidi ya miaka 50, na msingi wake ulikuwa penseli na jicho lenye subira.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nakushauri uchague ufukwe mmoja ulio karibu nawe na urudi hapohapo mara kwa mara. Nyuma ya kila mchoro mimi huandika jina la mahali, mwezi, hali ya maji na idadi ya ndege niliowaona, kwa kuwa mchoro wenye maelezo hayo ni ushahidi, na siku moja mtu akitaka kukata mikoko ya mahali hapo au kujaza kifusi, ushahidi huo unaweza kuwekwa mezani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamependa sana kuchora ndege, lakini vitabu tulivyo navyo vinaonyesha bata wa Ulaya. Je, hapa kwetu wachore ndege gani, wapi, na katika miezi ipi? — Mwalimu, Kilwa Masoko

Mwalimu, umeuliza swali ambalo ningeweza kulijaza jarida zima. Nianze kwa kukukumbusha mahali ulipo. Mji wako umo pembezoni mwa eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, ambalo Tanzania ililiingiza mwaka 2004 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na ukubwa wa hekta 596,908. Mkataba wenyewe ulifikiwa mwaka 1971, na kusudi lake la awali lilikuwa kulinda makazi ya ndege wa maji. Wanafunzi wako hawana haja ya kusafiri; wasafiri wanakuja kwao.

Bata wa kutoka Ulaya na Asia hawapendi sana bahari yetu. Mmoja wao, bata mdogo anayeitwa kitaalamu Spatula querquedula, huja Afrika Mashariki katika miezi ya baridi ya kwao, lakini hukaa katika maji baridi ya bara. Ndivyo walivyo pia bata wetu wa Afrika, kama yule mwenye uso mweupe anayelia kwa mluzi na yule ambaye dume lake lina nundu juu ya mdomo. Hao huhama ndani ya bara letu wakifuata mvua, na mtu wa Lindi atafanya vizuri kuwatafuta maeneo ya Ziwa Rutamba au katika mashamba ya mpunga yaliyofurika. Ndege wahamao wa pwani ni wa jamii nyingine: vitwitwi, sululu, na jamaa zao wenye miguu mirefu wanaochokoa tope maji yakipwa.

Huanza kuingia mwezi Agosti na Septemba, upepo wa kusi ukiwa unaelekea mwisho, na wengi huondoka Aprili, kaskazi ikiwa imekwisha. Wachache, hasa wale wa mwaka wa kwanza, hubaki nasi hata katikati ya mwaka. Hapa naomba wanafunzi wako wazingatie jambo ambalo huwaponyoka hata wachoraji wazoefu, nalo ni kwamba ndege yuleyule hana rangi moja mwaka mzima. Mchukue Calidris ferruginea, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, ambaye huzaliana Siberia karibu na Bahari ya Aktiki. Oktoba yeye ni wa kijivu mgongoni na mweupe tumboni, na mtu asiyemjua hampi thamani. Ikifika Machi na Aprili, manyoya mapya humtoka kifuani na tumboni yenye rangi ya kutu, madoamadoa kwanza, kisha mwili mzima, na katika kundi moja utaona kila hatua ya mabadiliko hayo. Mchoraji anayemchora mwekundu katika mandhari ya Desemba hapa Kilwa amechora ndege asiyekuwapo. Shirika la IUCN, linalopima hatari ya viumbe kutoweka duniani, lilimpandisha ndege huyu mwaka 2024 hadi daraja liitwalo Vulnerable, moja ya madaraja ya walio hatarini kutoweka, kwa hiyo kumchora kwa usahihi si anasa.

Ndege ninayempenda kuliko wote, na ambaye ningewaanzishia wanafunzi, ni mla kaa, Dromas ardeola. Habadiliki rangi kwa majira: ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu inayoelekea buluu, na mdomo mweusi mnene wa kuvunjia magamba ya kaa. Huzaliana katika pwani za Bahari ya Shamu, Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Somalia, na hutaga yai lake moja jeupe ndani ya shimo alilolichimba mchangani, jambo lisilo la kawaida kwa jamaa zake. Mtoto huja huku kusini pamoja na wazazi na huendelea kulishwa hata baada ya safari ndefu kiasi hicho. Ukiona ndege wa rangi ya kijivu iliyofifia akimfuata mkubwa na kuinamisha kichwa akiomba, hapo kuna picha ambayo haimo katika vitabu vya Ulaya.

Kuhusu wakati wa siku, wafundisheni wanafunzi kusoma maji kabla ya kushika penseli. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana na ndege hutawanyika hadi hawaonekani ila kwa darubini. Maji yanapoanza kujaa husukumwa taratibu kuelekea nchi kavu, na mchoraji aliyekwisha kukaa kimya mahali pake kabla ya hapo atawapata karibu bila kuwafuata. Maji yakishajaa hukusanyika mahali pachache pa kupumzikia: kisiwa cha mchanga, kingo za majaruba ya chumvi, au matawi ya mikoko. Hapo wasisogelewe kabisa. Ndege hawa huishi kwa hesabu kali ya mafuta ya mwilini. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii yao, Limosa lapponica, alifuatiliwa kwa chombo cha satelaiti akiruka kilomita 13,560 kutoka Alaska hadi Tasmania kwa siku 11 bila kutua, na mafuta ya safari ya namna hiyo hupatikana kwa kula na kupumzika tu. Kila mara tunapowarusha bila sababu tunawapunguzia akiba hiyo. Mchoro uliopatikana kwa kuwashtua ndege siuhesabu kuwa mchoro wa uhifadhi, hata uwe mzuri namna gani.

Je, ni kosa kuchora kwa kunakili picha ninazozipata kwenye intaneti? — Mwanachuo, Mtwara

Picha ni mali ya aliyeipiga, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Ukitaka kuuza mchoro ulionakiliwa, omba ruhusa kwanza. Tumia picha nyingi kwa ajili ya kujifunza umbo la mguu au mpangilio wa manyoya ya bawa, kisha mkao na mandhari uvipate mwenyewe ufukweni. Kumbuka pia nililomwambia Mwalimu: picha nyingi za ndege hawa zimepigwa huko wanakozaliana, wakiwa katika rangi ambazo sisi huziona kwa majuma machache tu.

Natumia rangi ya mafuta juu ya hadibodi kwa mtindo wa Tingatinga. Nimeambiwa kwamba mtindo huo haufai kwa uhifadhi kwa sababu si wa uhalisia. Ni kweli? — Mchoraji, Masasi

Aliyekuambia hivyo amekosea. Edward Said Tingatinga, mwana wa Tunduru, alitumia rangi za kung'aa zinazopakwa kwenye baiskeli, na mtindo aliouacha umewafikisha wanyama na ndege wetu katika nyumba nyingi duniani. Kutoka hukohuko Masasi alitoka George Lilanga, ambaye viumbe vyake havifanani na kitu chochote kinachotembea ardhini, na hakuna anayeuliza kama vina uhalisia.

Ninachoomba ni jambo moja: alama zinazomtambulisha ndege zibaki kweli. Mdomo ukiwa umepinda chini, usiupindue juu. Miguu ikiwa mirefu, iache mirefu. Mengine yote, rangi ya anga, madoa, wingi wa ndege waliopangwa safu kwa safu, ni yako. Kundi la ndege wa pwani linaporuka na kugeuka kwa pamoja lina marudio yaleyale ambayo mtindo wako unayapenda, nami nakuonea wivu kwa hilo, kwa sababu rangi za maji ninazotumia mimi huchelewa kukauka katika hewa yetu yenye chumvi, hasa kuanzia Desemba mvua zinapoanza, na mara nyingi ukingo wa bawa huyeyukia angani kabla sijauwahi.

Mwanangu mchoraji, mimi ni mama mtu mzima, nachokoa pweza tangu usichana wangu. Nimeiona michoro yako kwa mjukuu wangu. Ndege wapo, bahari ipo, mikoko ipo, lakini sisi hatumo. Watu wa uhifadhi wakija huzungumza juu ya ndege. Sisi tunapata nini? — Bibi, Msimbati

Shikamoo, Bibi. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na imebadilisha michoro ninayoiandaa sasa.

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na hifadhi hiyo tangu mwanzo ina vijiji ndani yake. Hakuna pwani tupu hapo. Tope analolitegemea mla kaa ndilo lenye kaa wenu, na mwamba unaofunuliwa na maji ya bamvua mnaugawana na sululu. Mchoraji anayeondoa watu katika mandhari hiyo anawaambia wanunuzi wa mbali kwamba ndege ni wa porini na kwamba wanaoishi hapo ni wavamizi, na maneno hayo, yakisemwa kwa picha miaka mingi, huja kuwa msingi wa maamuzi mabaya. Naona ni haki, na pia ni sahihi zaidi kwa jicho la mchoraji, kuwaonyesha wanawake wakiwa na mikuki yao ya pweza na ndege wakila hatua chache kutoka kwao, kwa sababu ndivyo mambo yalivyo: ndege hao wamekuzoeeni ninyi kuliko watakavyonizoea mimi.

Kuhusu mnachopata, siwezi kuahidi makubwa, maana biashara ya michoro ni ndogo. Lakini lipo ambalo nimelishika kuwa sharti. Sehemu ya mapato iandikwe katika makubaliano na serikali ya kijiji, isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na matumizi yake yaamuliwe na wanakijiji wenyewe, iwe ni miche ya mikoko, darubini za shule, au kitu ambacho mchoraji asingekifikiria. Msikubali mchoraji au mpiga picha yeyote atumie jina la kijiji chenu kuomba fedha bila karatasi ya namna hiyo. Mkimwomba aionyeshe, hamjamkosea adabu.

Bibi, umeniambia pia kwamba vijana hutega ndege wa pwani kwa nyavu ili kupata kitoweo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwakamata bila kibali, na ni wajibu wangu kukuambia hivyo wazi. Naamini hata hivyo kwamba neno la nyanya yao litawafikia vijana hao mapema kuliko langu, hasa wakielezwa kwamba ndege mwenye nyama kidogo kiasi kile ametoka Siberia.

Sisi ni kikundi cha vijana wachoraji. Tunataka kuandaa maonyesho ya michoro ya ndege wahamao ili kuchangia uhifadhi. Tuyafanye lini na tuanzie wapi? — Kikundi cha vijana, Lindi

Siku ya Ndege Wahamao Duniani ilianza mwaka 2006, na tangu mwaka 2018 huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba. Wengi hukimbilia Mei kwa sababu ndiyo ya zamani. Kwa pwani yetu chagueni Oktoba. Mei ndege wengi wamekwisha kuondoka, na mgeni aliyevutiwa na mchoro wenu akitaka kuwaona wenyewe atakuta ufukwe mtupu, ilhali Oktoba wamekwisha kuwasili na mvua hazijaanza.

Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, atakayewaelekeza pia kuhusu usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa. Amueni mapema, kabla ya kuchora hata mchoro mmoja, ni eneo gani mnalichangia. Kama ni mdomo wa Mto Lukuledi, basi michoro yote iwe ya ndege mliowaona hapo, na kila mchoro uwe na kibandiko chenye jina la ndege, mwezi aliochorwa, bei, na kiasi kitakachokwenda kwenye eneo hilo. Nashauri pia mtengeneze nakala ndogo za bei nafuu, kwa kuwa maonyesho ambayo mwenyeji wa Lindi hawezi kununua chochote huwa yamewekwa kwa ajili ya wapita njia.

Ombeni ruhusa kwa wenye mashamba ya chumvi yaliyo karibu na mji muwapeleke wageni kingoni mwa majaruba siku hiyohiyo. Tazameni jedwali la maji, mfike muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, muwe na darubini walau mbili za kupokezana, na mkae upande ambao jua liko mgongoni mwenu.